Rangi ya Esta Chini ya Maji

Tangu nirudi, kila anayenikuta kwenye maegesho ya kanisa ananiuliza swali moja: ni kweli uliingia ziwani na suti? Si kweli. Ilikuwa suruali ya suti tu, koti nililivua. Nimechoka kuisimulia safari hii vipandevipande, na kila nikiisimulia Mama Njeri anaongeza sehemu ambazo hazikutokea, kwa hiyo nimeamua kuiandika yote mara moja. Mkishaisoma, mniache nipumzike.

Mnanijua. Mimi ni mtu wa nyumbani. Siku yangu ya mapumziko napenda kuiona dunia kupitia dirisha la sebule, nikiwa na kikombe cha chai na soksi. Mama Njeri husema hata nikienda kutoa takataka ninaaga watu.

Arlington hadi Garland

Aliyeninasa ni Bahati. Tunafanya kazi pamoja ghalani kule Garland, yeye akipanga maboksi, mimi nikiyabandika karatasi za anwani. Kwa miaka mitatu nilidhani ninamjua: Mkongomani wa Uvira, mpole, mla polepole. Kumbe akipata siku mbili za mapumziko hujifunga mtungi wa hewa mgongoni akazama na kamera kwenye maziwa ya Texas. Nilijua hivyo kwa sababu gia za gari lake zilikufa Jumatano, na Alhamisi akaja kusimama kando ya meza yangu.

"Mukubwa, gari yako inafika Houston?"

"Gari inafika. Mwenyewe ndiye hafiki."

"Iko ubatizo. Mutoto wa yaya yangu, kule Stafford. Jumamosi asubui. Minapaswa kupiga picha."

"Mtoto ni wa dada yako, kamera ni yako. Mimi nitafanya nini huko?"

Alifikiri kidogo. "Utakula."

Basi mwajua udhaifu wangu, na yeye pia alikuwa ameujua.

Mama Njeri alinipakia chapati kumi na mbili, chupa ya chai, blanketi, dawa ya tumbo na suti ya kanisani. "Enda, Baba Njeri," akasema. "Ukipotea nitawaambia watoto ulikuwa mtu jasiri."

Ijumaa saa kumi na moja alfajiri nikatoka Arlington, nikafika Garland kumekucha. Bahati alikuwa ameketi juu ya sanduku nje ya nyumba yake kama abiria aliyesubiri tangu juzi. Alipolifungua nikaona kamera ndani ya kasha zito lisiloingia maji, na pande zote mbili mikono ya chuma iliyokunjwa, kila mkono una taa mwishoni. Ilifanana na kaa aliyekasirika. Chini yake kulikuwa na kibao cheupe cha plastiki, kile hasa mnachokijua, cha kukatia nyanya.

"Kumbe tutapika?" nikauliza.

"Hapana. Hii ndiyo inafundisha kamera kuona."

Nikafungua chupa ya chai. Mtu akiniambia jambo nisilolielewa kabla sijanywa chai, huwa ninaanza na chai.

Barabara ya arobaini na tano

Ninaendesha upande wa kulia, maili hamsini na tano kwa saa, mikono miwili kwenye usukani. Malori yalitupita. Mabasi ya wazee yalitupita. Karibu na Ennis tulipitwa na trela lililobeba nyumba nzima, na mapazia yake madirishani. Bahati aliitazama ile nyumba ikipotea mbele yetu.

"Mukubwa, umeona? Hata nyumba inatembea kukupita."

Tulipovuka Corsicana, gurudumu la nyuma likaanza kulalamika. Nilisimama kwenye kituo cha mafuta chenye gereji ndogo. Fundi alisema atalishughulikia, akaingia ndani, akapotea kwa saa mbili. Nikaenda kununua chakula. Hapo dirishani kulikuwa na mikate laini ya kuviringa, wanaiita kolachi, na mimi nikaiona ni ndugu ya mandazi, nikanunua kumi na mbili. Niliuma wa kwanza kwa imani. Ndani mlikuwa na soseji, na ndani ya soseji pilipili iliyonitoa machozi mbele ya mtoto wa miaka minne, ambaye alikuwa anakula ya kwake kimya.

Mzee mmoja wa kizungu, mwenye kofia pana, akanisogezea maziwa yake bila kusema neno. Ndivyo tulivyofahamiana. Alikuwa anasubiri lori lake. Alipomwona Bahati akifuta vioo vya yule kaa akauliza tunakwenda kuzama wapi. Bahati akamtajia ziwa, ni shimo la zamani la kuchimba changarawe nje ya Houston, lililojaa maji, ambako watu hujifunza kuzamia. Uso wa mzee ukang'aa. Alikuwa amezama humo miaka mingi kabla magoti hayajamkatalia.

"Fikeni mapema," akasema. "Kabla ya wanafunzi. Wakishaanza kukanyaga chini, lile si ziwa, ni supu ya mbaazi."

Lori lake lilipokwisha tengenezwa akaondoka, akaniachia maziwa yaliyobaki. Ndipo nilipomuuliza Bahati swali ambalo ningepaswa kuliuliza tangu Garland. Picha hii ni ya nini, hata uje na vyombo vyote hivi? Ubatizo si hupigwa na simu?

Alitafuna mpaka akamaliza.

"Mama yangu iko kambini, Tanzania. Wakati wa vita tulivuka ziwa na boti. Kaka yangu alianguka. Walimutoa asubui yake, na mama alimuona." Akauelekezea kidole ukuta wa gereji, uliokuwa wa kijivu chenye ukijani. "Alikuwa na rangi ya hii. Tangu siku ile mama hapendi kuona mutu ndani ya maji."

"Na unataka kumtumia picha ya mjukuu wake chini ya maji?"

"Ni yeye mwenyewe aliomba. Anasema, kama Esta anazikwa na Kristo ndani ya maji na anatoka, nataka nimuone kule ndani. Lakini ile rangi nisiione tena." Akafuta kioo kilichokuwa kimekwisha takata. "Sasa, ndani ya maji ya kijani kila mutu anatoka na ile rangi, hata muzima. Picha ikitoka vibaya, ni mimi nitakuwa nimemurudisha kwenye ile asubui."

Nikasema, ili niseme kitu, kwamba si kuna kompyuta. Mjomba wangu alirekebishiwa picha ya harusi mpaka akapata shingo.

"Kompyuta inaweza kupaka, mukubwa. Rangi yenye maji imekwisha kula, kompyuta haiirudishe. Inaibuni. Na ili hata ianze, itaniuliza: nyeupe iko wapi hapa? Nikikosa jibu, ninakisia. Sitaki kumukisia mama." Tena picha ilipaswa kutumwa palepale. Asubuhi yetu ni jioni kule kambini, na jirani mwenye simu alikuwa ameahidi kuketi na mama Jumamosi kabla giza halijaingia.

Na ubatizo haurudiwi. Hilo hakulisema, nililijua mwenyewe. Mtu huzamishwa mara moja.

Gurudumu lilipokuwa tayari niliendesha maili sitini kwa saa.

Stafford

Houston ilitupokea kwa foleni ambayo sitaieleza, maana baadhi yenu mna shinikizo la damu. Tulifika Stafford saa saba unusu badala ya saa nne. Mama Esta, dada mkubwa wa Bahati, alikuwa mlangoni amefunga kitenge, mikono kiunoni.

"Bahati! Mulitembea na miguu?"

"Tuliletwa na Mukenya," akajibu Bahati. Ikawa imetosha, yule mama akanitazama kwa huruma.

Mlijua nitafika kwenye chakula. Sombe la majani ya muhogo lililopikwa kwa karanga, ugali, na samaki wakubwa wawili waliokaangwa kisha wakaogeshwa katika mafuta ya mawese mpaka wakawa rangi ya machweo. Niliongezewa mara tatu, na mara mbili kati ya hizo sikukataa hata kwa adabu. Esta, binti wa miaka kumi na saba, mrefu, mcheshi, alikuwa akisemeshwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, na mama yake akisemeshwa kwa Kiingereza na kujibu kwa Kiswahili, na hakuna aliyeona ajabu.

Nilikuwa ninamaliza kichwa cha samaki wa pili nilipoona Bahati ameacha kutafuna. Alikuwa anaangalia kilichokuwa chini ya samaki.

"Yaya," akasema taratibu. "Hiyo kibao umeitoa wapi?"

"Kwa sanduku yako. Nikasema, tazama, mudogo wangu amekumbuka kuniletea kibao."

Tulikisugua kwa sabuni. Tukakisugua kwa siki, kwa chumvi, kwa limau. Mnaofahamu mawese mnajua yakishaingia kwenye plastiki yamehamia. Kibao cha kuifundisha kamera nyeupe kilikuwa sasa na umbo la samaki, la chungwa, mpaka jicho linaonekana.

"Hakuna shida," akasema Mama Esta. "Munatafuta kitu nyeupe? Kanzu za ubatizo ziko kumi na moja, ninazifua mwenyewe. Hamutaona nyeupe kama ile Texas muzima." Maana yeye ndiye mtunza kanzu wa kanisa lao, na anazifua kwa mkono, mashine, anasema, haijui nyeupe.

Ziwani, Ijumaa mchana

Tulikwenda ziwani kujaribu, Bahati, Esta na mimi, pamoja na kanzu moja ambayo Esta alitaka kuona kama itavimba majini kama mwavuli. Hapa nitawaomba mvumilie, kwa sababu nilipata D ya fizikia, na siku ile nilijifunza zaidi ya miaka minne ya sekondari.

Bahati aliniomba kofia yangu nyekundu. Mnaijua. Akaifunga kwenye bomba la chuma chini kabisa, kama mita nane, akarudi juu, akanionyesha picha mbili kwenye kioo cha kamera.

Ya kwanza aliipiga bila taa. Kofia ilikuwa rangi ya maharagwe yaliyoungua.

"Hiyo si yangu," nikasema.

Akabonyeza. Ya pili, aliyoipiga na taa zote mbili, ilikuwa kofia yangu. Nyekundu, nyekundu kuliko nilivyoinunua, na uzi uliochomoka pembeni ukaonekana. Nilijisikia kama mtu aliyeonyeshwa ndugu yake akitoka hospitali.

"Maji inakula rangi, mukubwa. Inaanza na nyekundu. Halafu inakula ya machungwa, halafu manjano. Jua ikifika kule chini iko imekwisha kunyang'anywa. Taa yangu inatembea kipande kidogo tu, kutoka hapa mpaka kwa kofia, na kurudi. Maji haipate nafasi ya kula."

"Basi tumia taa na kwingine."

"Tazama nyuma ya kofia."

Nyuma ya kofia palikuwa giza la kijani, na vumbi la ziwa limewaka kama theluji. Taa, akasema, haifiki mbali kuliko mikono yako miwili ikinyooshwa, na kila kitakataka kilicho njiani nacho kinapata zamu ya kung'aa. Ndiyo sababu anakaribia. Nilimwona akizama tena na kusogea kwenye ile kofia inchi kwa inchi, bila kupiga pezi, akitumia pumzi tu kupanda na kushuka, na tope halikuinuka hata chembe. Mtu yule yule ambaye ghalani huwa tunamwambia aharakishe. Nilisimama kwenye gati la mbao na mdomo wazi.

Lakini taa zilikuwa za kofia tu. Kwenye ubatizo Mchungaji alikuwa amezikataza. Mwaka uliopita mtu mwingine alipiga picha kwa taa ya kumulika, bibi mmoja akashtuka, akaibuka akipiga kelele kabla Mchungaji hajafika kwa Roho Mtakatifu, na mpaka leo kanisa limegawanyika kama ule ulihesabika au la. Kwa hiyo ilibidi njia ya pili, ya jua peke yake. Unafika mahali pale pale ambapo mtu atasimama, unaionyesha kamera kitu cheupe ndani ya maji yale yale, unaiambia: hii, ingawa unaiona ya kijani, ni nyeupe. Kamera inaamini, na inavuta rangi nyingine zote kwa kipimo hicho. Si mbali, si kina kirefu, rangi ikiwa bado haijaliwa yote. Ndiyo kazi ya kile kibao.

Esta akaingia majini mpaka kiunoni na kanzu. Bahati akaionyesha kamera ile kanzu, akarudi nyuma hatua mbili, akampiga akiwa amezamisha uso.

Picha ilitoka ya manjano. Si manjano kidogo. Maji yalikuwa kama soda, na Esta alikuwa rangi ile ile ya samaki wa mama yake.

Esta akaitazama, akasema kwa Kiingereza kwamba amebatizwa katika juisi ya machungwa.

Bahati hakucheka. Akarudia mara nne. Mara nne chungwa. Akapiga na taa, kwa kipimo cha taa: Esta mzuri kabisa, wa rangi yake. Akazima taa: chungwa. "Kamera iko muzima," akasema. "Kama ingekuwa mugonjwa, hata na taa ingekosea. Sijui." Wanafunzi wa kuzamia walikuwa wameanza kuingia na ziwa likawa ile supu ya mbaazi. Tukarudi Stafford. Hata mimi sikutaja chakula.

Nyuma ya nyumba

Bahati akaketi sebuleni amekumbatia kamera. Mimi sina faida yoyote kwenye mambo ya kamera, na nyumba ikiwa na huzuni huwa ninatafuta kazi ya mikono. Nikatoka nyuma. Jua lilikuwa bado halijazama, na Mama Esta alikuwa ameinama juu ya beseni, akisuuza kanzu za mwisho.

"Lete nikuanikie," nikasema.

"Mwanaume wa Kenya anaanika nguo?"

"Mama, mimi ni mtu wa nyumbani. Kwangu mimi ndiye mwanikaji mkuu."

Akacheka, akanikabidhi kanzu. Nilipoinama kuipokea nikaona maji ya beseni. Yalikuwa ya buluu kama anga.

Nikabaki nimeshika kanzu inayodondoka kwenye viatu vyangu. Jamani, sisi sote tumekua na kile kifurushi cha buluu ya kufulia. Marehemu mama yangu alikuwa anakifunga kwenye kitambaa, anakikoroga kwenye maji ya kusuuzia, na shati langu la shule lilikuwa jeupe hivi kwamba likisimama kando ya mawingu lilikuwa linageuka samawati.

"Mama Esta, unatia buluu?"

"Bila buluu ni nyeupe gani hiyo? Ni ya ugonjwa."

Niliingia ndani mbio, nyayo zikilowesha zulia. "Bahati! Kanzu si nyeupe!"

Mama Esta alinifuata na beseni, amekasirika vilivyo. "Nani anasema kanzu zangu si nyeupe?"

Ikanibidi kueleza kwa haraka, mbele ya mama mwenye beseni. Kwa macho yetu ni nyeupe kuliko nyeupe. Lakini ina buluu ndani yake. Bahati ameiambia kamera: hii ndiyo nyeupe. Kamera, mtiifu, ikatafuta namna ya kuiondoa ile buluu, ikatia manjano kila mahali mpaka ikatosheka.

Bahati akaiweka kamera chini. "Mukubwa," akasema, "uko na akili ya kufua."

Sijawahi kupewa sifa ikanikaa kama ile.

Tukatafuta cheupe kisichowahi kufuliwa. Mashuka yote ya Mama Esta yalikuwa yamepita kwenye beseni, mataulo pia, hata fulana za Esta. Mwishowe Esta mwenyewe akatoka jikoni ameshika furushi la zile sahani nyepesi za kutupa zilizonunuliwa kwa karamu. Jeupe la kawaida, halijui buluu wala mawese.

Ziwani, Jumamosi

Tulifika mapema, kama yule mzee wa maziwa alivyotuusia. Maji yalikuwa yametulia. Waumini wapatao sitini walisimama ukingoni na kwaya yao, na mimi nikiwa nimevaa suti, nimejiweka nyuma karibu na masufuria, mahali panaponifaa.

Bahati alikuwa tayari ndani, mtungi mgongoni, akipiga magoti mahali maji yanapofika kiunoni. Mikono ya kaa alikuwa ameing'oa, taa amezifungia garini ili Mchungaji aone. Akajaribu kuizamisha sahani. Sahani ikaruka juu. Akaizamisha tena, ikaponyoka, ikasafiri kuelekea kwa kwaya. Kibao chake cha zamani kilikuwa kinatulia kwa mkono mmoja, lakini hizi sahani ni povu tupu, zinahitaji mikono miwili, na mikono yake miwili ilikuwa na kamera. Akatoa kichwa, akaangalia ukingoni, akapita watu hamsini na tisa kwa macho.

"Mukubwa!"

Ndiyo hapo nilipovua koti.

Sijui kuogelea, mnajua hilo pia. Niliingia na viatu, kwa sababu hakuna aliyeniambia nivue, hatua kwa hatua mpaka kiunoni, nikaishika ile sahani chini ya maji mita moja mbele ya kamera, nikiinama kama mtu anayemzuia kuku asitoke kapuni. Bahati akabonyeza, akainua kidole gumba. Nikaachilia sahani, ikanirukia usoni, watoto wakafurahi.

Watu kumi wakabatizwa, mimi nikiwa bado pale pale na sahani. Esta alikuwa wa mwisho. Akaingia na kanzu yake iliyokuwa na vijiwe vilivyoshonwa kwenye pindo, ili isipande. Mchungaji akamshika mgongo na mikono iliyokunjwa kifuani, akafungua kinywa.

Wingu likafunika jua.

Sikuhitaji kuambiwa. Maji yaligeuka mara moja, kutoka kijani cha majani hadi kijani cha chupa. Bahati akaibuka, akatikisa kichwa, akaonyesha sahani. Kipimo cha jua hakikufaa tena kivulini, na Mchungaji alikuwa amekwisha fika kwa "kwa jina la". Nikawaza ule ukuta wa gereji.

Mimi sijawahi kuanzisha wimbo. Kanisani kwetu nawekwa mbali na maikrofoni kwa makubaliano ya wote. Lakini nilifungua mdomo, nikiwa kiunoni ndani ya ziwa, nikaanzisha pambio la kwanza lililonijia, kwa sauti iliyoifanya kwaya igeuke kuona kimetokea nini.

Halafu mama mmoja akapiga kofi. Mwingine akapokea. Ngoma ikaingia. Mchungaji akafumba macho, akaanza kuyumba, Esta akiyumba naye mikononi. Nikadaka sahani, nikaizamisha, Bahati akachukua kipimo cha wingu, kidole gumba juu. Nikanyamaza.

Wao hawakunyamaza. Sikuwa nimefikiria kwamba pambio la Wakongomani halina breki. Wakalirudia, wakaligawa sauti nne, wakalipeleka Kiswahili, Kifuliiru na Kifaransa, wakalirudisha. Katikati ya Kifaransa jua likatoka tena. Sahani! Kipimo. Wingu likarudi. Sahani! Esta alikuwa ameanza kutetemeka meno. Mara ya tano jua lilipotoka na sahani imekwisha vunjika kipande, wimbo ukafika chini taratibu, na Mchungaji, uso umelowa, akasema majina yote matatu bila kukatizwa, akamzamisha.

Nilimwona Bahati akisogea. Hakungoja aletewe. Alisogea mpaka nikadhani atamgusa, maji yaliyokuwa kati yao hayakuzidi mkono mmoja, na jua lilikuwa nyuma yake. Alibonyeza mara mbili. Halafu Esta alikuwa juu, analia na kucheka, na mama yake alikuwa majini na kitenge chake chote.

Tuliitazama picha tukiwa bado tunadondoka maji. Sijui niielezeje. Maji yalikuwa kijani cha kweli, kilichotulia. Kanzu ilikuwa na ubuluu wake hafifu, kama ilivyo. Na Esta alikuwa Esta: kahawia ile nyeusi yenye mng'ao, waridi ndani ya mdomo uliofunguka kidogo, mnyororo wa mapovu ukitoka puani. Aliambiwa afumbe macho, na alikuwa ameyafumbua, anamtazama mjomba wake. Pembeni kushoto ilionekana miguu ya suruali ya suti.

"Nitakata hiyo miguu," akasema Bahati.

"Kata," nikasema.

"Muache," akasema Mama Esta. "Ameomba aone kule ndani. Aone yote."

Kurudi

Ya kurudi hayana habari. Bahati aliendesha, maili themanini, mimi nikalala na blanketi la Mama Njeri. Tuliipita nyumba nyingine kwenye trela, nimeambiwa.

Lakini kabla ya kuondoka tulikuwa tumeketi nyuma ya nyumba Stafford, karamu imepamba moto, suruali yangu imeanikwa kwenye kamba na mimi nimefungwa kitenge cha Mama Esta. Picha ilikuwa imetumwa tangu ziwani. Simu ilikuwa juu ya meza katikati ya sahani, na kila mtu alikuwa akijifanya haitazami. Bahati hakuwa amegusa samaki.

Ikalia. Ujumbe wa sauti. Bahati akaubonyeza, akauweka tusikie sote.

Kwanza palikuwa na upepo tu, na kuku, na mtu akipumua karibu sana na simu. Kwa muda mrefu. Kisha sauti ya bibi, kavu, yenye haraka, kama anayemkaripia mtu aliye chumba cha pili:

"Bahati. Bahati, mumuone huyo mutoto namna anafungua macho. Sasa mumutoe ndani ya maji, atashikwa na baridi."

Mama Esta akajifunika uso kwa kitenge. Esta, mbele yangu, alikuwa ameshika paja la kuku, mashavu yamejaa, kwa kutafuna hakusikia, anauliza kwa Kiingereza bibi amesema nini.

Bahati aliichukua simu, akaisogeza mdomoni.

"Ametoka, mama," akasema. "Iko hapa. Anakula."